Basi la Vitabu Huja Alhamisi

Huja saa nane na robo mchana, giza limeshakaa kitako,
likaegesha nyuma ya duka la matairi,
na taa zake huipaka theluji rangi ya siagi.
Tuulikki, dereva na mkutubi, yote yeye,
leo kanikabidhi fomu na penseli fupi kama jino:
"Mzee Veikko, tuandikie uvipendavyo,
wakubwa mjini wanataka kujua wanunue nini."
Mistari mitatu. Mitatu tu!
Miaka sabini na mmoja niikunje humo?

Haya. Vitabu.
Napenda vya upelelezi, tena viwe vyembamba,
maiti aonekane kabla kahawa yangu haijapoa.
Simtaki mpelelezi mlevi anayelilia talaka yake;
mlevi ninaye bure, ndugu yangu Urho,
na huyo harudishwi maktaba.
Mashairi sisomi. Nilisoma moja, lilihusu birika;
nikangoja maji yachemke, shairi likaisha.
Vya vita alikuwa navyo baba. Inatosha.

Filamu: zile ambazo watu hawasemi.
Mwanamume anatengeneza ua, mvua inanyesha,
mwanamke anapita na baiskeli, basi, mwisho.
Binti yangu Päivi anasema hiyo si filamu, ni dirisha.
Nami namwambia, dirisha zuri watu hulipia.

Muziki ni tango, hapo hatujadiliani.
Kodiani ivute pumzi kama mtu apandaye ngazi na gunia,
mwimbaji aombe radhi kwa kosa asilolitaja.
Jazi hunichosha: wanne wanaongea, hakuna anayesikiliza,
mkutano wa chama chetu kiwandani, ule ule.
(Lakini kuna wimbo mmoja wa vijana, wa makelele,
mjukuu aliniwekea garini.
Niliuliza jina lake mara mbili. Usimwambie mtu.)

Na vichekesho vya runinga.
Hapa penseli ilisita.
Ijumaa usiku walikuwapo wale mashemeji wawili
na duka lao la majeneza lisilopata mteja.
Mimi hucheka nikishaelewa, yaani wakati wa matangazo.
Aune alicheka kabla. Mchekeshaji hajafungua kinywa
yeye keshajifuta machozi kwa ncha ya aproni,
nami nikicheka kwa sababu yake tu,
mzaha wenyewe ukinifikia baadaye, kama barua.
Siku hizi natazama peke yangu.
Ni kipindi kirefu mno.

Hilo sikuliandika. Niliandika: "Upelelezi. Tango."
Tuulikki akanichagulia kimoja, jalada limechanika,
cha daktari wa kisiwani na mjane mwenye mbwa.
Nyumbani, ukurasa wa kumi na tisa, pembeni,
kwa penseli, herufi zimelala kama majani baada ya upepo:
NI DAKTARI. NAKUAPIA.

Mwandiko niliotumwa nao dukani miaka arobaini na miwili:
siagi, hamira, betri, usisahau.
Kumbe ndiye! Ndiye aliyekuwa akiharibu vitabu vya mji mzima,
yule mhalifu ambaye Tuulikki alimbandikia tangazo mlangoni,
na Aune akalisoma kwa sauti, akitikisa kichwa:
"Watu hawana adabu."

Mimi huanzia ukurasa wa mwisho, sifichi,
sipendi kushtukizwa. Safari hii sikuthubutu.
Nilikwenda mstari kwa mstari, kidole kikitangulia,
kahawa ikapoa, jiko likazimika,
hadi saa kumi alfajiri.

Si daktari.
Ni mpwa wa mjane, yule wa viatu visivyopata tope.

Nilicheka jikoni, mzee mzima na soksi zake,
hapo hapo, bila kungoja matangazo.

Alhamisi nitakirudisha. Sijafuta kitu.
Chini yake nimeongeza, kwa herufi ndogo:
Umekosea, mama. Soma tena.
Kisha nitamwuliza Tuulikki, kama sijali sana,
kama anavyo vingine
vilivyochanika namna hiyo.